Sabuni Aliyonipikia Mama Mkwe

Mtoto wangu wa kwanza alilia kila nilipomwogesha. Hakulilia maji, maana niliyapima kwa kiwiko mpaka yawe vuguvugu. Alilia nilipomgusa. Viganja vyangu vilikuwa vimekauka na kupasuka, ngozi ya vidole imesimama magamba magamba, na nikimpitishia mkono mgongoni ulimwachia mistari myekundu.

Tuliishi Elburgon, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa kwenye msumeno. Mimi, kabla ya kujifungua, nilikuwa nafua nguo kwa meneja, Mzungu mwenye watoto wengi na mashuka mengi zaidi. Nilifua kwa sabuni ya kipande na magadi, katika maji ya mto yanayoshuka kutoka msitu wa Mau, na baridi ya kule haina mzaha. Jioni sikuweza kukunja ngumi. Nikikunja, mipasuko ilifunguka na damu ikatoka. Mhudumu wa zahanati alinipa dawa ya kupaka, nikapata nafuu. Kisha nikarudi kwenye karai, na mikono nayo ikarudi vilevile.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kutoka Olenguruone kunihudumia. Alifika kwa lori la magogo, amekaa mbele na dereva, na huko nyuma kondoo wake amefungwa kamba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, nami nilimwogopa. Mikono nikawa naificha chini ya leso. Nilihofia atasema mwanawe ameoa mgonjwa.

Siku moja alinikuta namwogesha mtoto, mtoto analia. Alisimama mlangoni akatazama, kisha akasema, "Nipe."

Akamchukua, akamwogesha mwenyewe, na mtoto akanyamaza. Tangu siku ile kuogesha ikawa kazi yake. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikimtazama mwanangu ametulia mikononi mwa mtu mwingine. Nilidhani amenipokonya.

Kumbe alikuwa ananichunguza. Tulikuwa tunachambua maharagwe aliponishika mkono ghafla na kuugeuzia kwenye mwanga.

"Huu umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nianze kufua kwa Mzungu, mama."

"Na mimi unanificha kwa nini?"

Machozi yalinidondoka kwenye maharagwe. Hakunibembeleza, lakini mkono wangu hakuuachilia upesi.

"Kuna sabuni mama yangu alikuwa akipika," alisema. "Sijui kama itakufaa. Ngozi za watu si moja. Tutajaribu tu."

Kesho yake alianza kutafuta majivu. Pale kwetu karibu kila jiko liliwaka kwa mabaki ya mwerezi kutoka kiwandani, lakini majivu yake aliyakataa, akisema ni mepesi, hayana ukali. Alitaka ya mutamaiyu, ule mti mgumu wengine wanaouita mzeituni wa porini. Akapita nyumba kwa nyumba akiomba, na wanawake wakampa huku wakicheka, maana nani amewahi kuona mgeni akiomba majivu? Akayajaza kwenye debe lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi kavu, akamimina maji ya mvua juu yake. Yakaanza kuchuruzika tone kwa tone ndani ya chungu, rangi yake kama chai ya rangi.

Akatumbukiza yai bichi. Likazama. Akayachemsha maji yale yakapungua, akayaacha yapoe, akajaribu tena. Safari hii yai lilielea, likachomoza utosi kidogo.

"Sasa yana nguvu," akaniambia. "Usiyaguse. Yatakula hata hiyo ngozi iliyobaki."

Nikarudi nyuma. Maji ya kula ngozi, eti ndiyo yangenitibu!

Kondoo alikuwa ameshachinjwa kwa ajili ya supu yangu, na mafuta yake mama aliyaweka. Akayayeyusha, akaongeza mafuta ya mbarika aliyokuja nayo kwenye kibuyu, akamimina yale maji ya majivu taratibu, akaanza kukoroga. Alikoroga nje ya nyumba, moto mdogo, moshi ukimfuata kila alikohamia. Kwa muda mrefu sikuona kitu ila mafuta yakiogelea juu ya maji machafu, yananuka. Alipochoka nilimpokea mwiko. Moyoni nilishakata tamaa, nikawaza tumeharibu mafuta mazuri ya kukaangia.

Kisha mwiko ukawa mzito. Nilitazama ndani. Mafuta hayakuonekana tena, wala maji. Kulikuwa na kitu kimoja tu, cha hudhurungi, laini, kinachong'aa, na kila nilipokoroga mwiko uliacha njia nyuma yake.

"Imeshika," mama akasema.

"Mafuta yameenda wapi?"

"Hayajaenda popote. Ndiyo hayo."

Nilikuwa nimepika maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuona vitu viwili vikali na vichafu vikikubaliana hivyo mbele ya macho yangu na kuwa kitu cha tatu.

Mama alichukua kidogo akakipoza, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema. Kilikuwa bado kinauma, ukali wa majivu haujaisha. Akaongeza mafuta, akakoroga, akaonja tena mpaka akaridhika. Halafu akaifunika sabuni na kuiweka rafuni, akanikataza kuigusa mpaka mwezi mwingine uandame.

Siku aliponiruhusu, nilichota kiasi cha kidole. Povu lake lilikuwa dogo na zito kama maziwa. Nilingojea ule mwasho nilioujua, haukuja. Nikajifuta, nikangojea ngozi ivutike kama ngozi ya ngoma, nayo haikuvutika. Nilikaa nikiitazama mikono yangu kama ya mgeni. Haikupona siku hiyo wala wiki hiyo. Iliacha kutoka damu kwanza, kisha magamba yakalegea, kisha ngozi mpya ikaja chini yake, nyororo, na mistari ya viganja ambayo nilikuwa nimeisahau. Niliporudi kufua, mama alinipaka mafuta ya kondoo mpaka kwenye viwiko kabla sijagusa magadi, na akanionya nisiache kamwe kujipaka.

Asubuhi moja alipasha maji, akamvua mtoto nguo, kisha badala ya kuinama yeye, akanikabidhi.

"Mwogeshe."

Nilimpitishia mkono mgongoni. Alinitazama, akapiga maji kwa miguu, akaendelea kunitazama. Mama mkwe alishatoka kwenda kuchanja kuni.

Alirudi Olenguruone mvua zilipoanza, kwa lori lilelile. Sabuni ilipokaribia kuisha niliomba majivu ya mutamaiyu kwa majirani, nikalitoboa debe langu mwenyewe. Nilikoroga tangu asubuhi, na mafuta yakakataa, yakakataa. Jua lilipofika utosini ndipo mwiko ukawa mzito mkononi. Nikapiga kelele, "Imeshika!" na hapakuwa na mtu wa kunisikia ila mtoto, aliyekuwa amelala. Nikasimama pale pale kando ya moto, sithubutu hata kuupumzisha mwiko, nikitazama.