Boriti Ambayo Mchwa Hawakuigusa

Juzi nilipita karibu na duka la mbao hapa Eldoret, pua ikanasa harufu ya boriti za mkoko, chumvi na tope la pwani. Nikakasirika papo hapo. Muuzaji alidhani nimechukizwa na bei.

Baba alikuwa kuli bandarini Mombasa. Wazungu walipoanza kuuza mashamba huku, yeye na wenzake walichanga wakanunua moja, akaja kwa gari la moshi na boriti nne. Alituambia mkoko humea ndani ya maji ya chumvi, kwamba watu wa pwani huujengea nyumba na kuchoma mkaa wake, na kwamba mchwa hawaugusi. Wenzake walimcheka kwa kubeba kuni kutoka baharini.

Tukimngoja sorovea, yule mpima ardhi wa kutugawia shamba, kila mtu alipima sehemu yake kwa hatua walizokubaliana, akachimbia nguzo pembeni. Jirani yetu, Mzee Barasa, alitumia nguzo za miti ya miwati, na mchwa wakazitafuna upesi. Zetu zilibaki, moja ikiwa ng'ambo ya chemchemi iliyokuwa kati yetu na Barasa, kwa hiyo maji yakawa yetu. Barasa alisema tumemwibia. Mama alimjibu matusi nisiyoweza kuyaandika. Mimi, wa miaka tisa, nilimtupia mawe binti yake Nekesa alipokuja kuchota, nikamvunjia mtungi na kujiona shujaa. Niliichukia familia ile yote, hata mbwa wao.

Sorovea alikuja na mnyororo wake, akapima, akarudia. Chemchemi ilikuwa ya Barasa. Nguzo za wengine zilikuwa zimeliwa, hakuna aliyejua nani alimwonea nani. Yetu ilisimama wima, hatua ishirini ndani ya shamba la jirani, na wote waliochangia shamba wakiitazama.

"Ng'oa kuni yako, Wafula," Barasa alimwambia baba.

Baba aliing'oa peke yake. Tangu siku hiyo tuliomba maji kwa Barasa, na Nekesa alihakikisha nimengoja.

Kwa miaka mingi niliapa kwamba sorovea alihongwa. Mama ndiye aliyenikatiza, uzeeni, nikimlaani Barasa mezani pake. Alisema boriti ile ilichimbiwa wiki ambayo Barasa alikuwa Plateau, akimuuguza mkewe hospitalini.

"Baba yako alifikisha hatua zake, akaendelea kutembea," alisema. "Na wewe ndiwe uliyeishika boriti akishindilia udongo."

Nilimpiga Nekesa mawe kwa maji yake mwenyewe.