Nusu ya Diski ya Baba

Laptopu ya zamani ikipata moto hutoa harufu yake, ya vumbi lililokaangika na plastiki inayotaka kuungua. Nikiisikia harufu hiyo, hasira hunipanda kwanza, kisha ndipo namkumbuka Baba. Niwie radhi, msomaji. Wengine hukumbushwa wazazi wao na ubani.

Baba aliuza vitenge soko la Kimironko, na nyumbani tulikuwa na laptopu moja, aliyoipata ikiwa tayari mzee. Kuibadilisha hataki. "Bado inapumua," alisema, na kweli ilipumua, kwa kelele. Diski yake ilipokufa, kaka yangu mkubwa, Yusufu, akachukua mshahara wake wa kwanza kabisa akanunua diski kubwa kuliko zote dukani. Aliingia nayo akiishika kwa mikono miwili. Majirani wakaitwa waje kuiona, kana kwamba kuna cha kuona.

Baba akaipeleka kwa fundi mjini aigawe vipande, ili tusigombane. Akarudi na mgao: kipande cha mashine yenyewe kujiendesha, kimoja cha Yusufu, kimoja cha kaka wa pili, Saidi, na kimoja changu. Vyote vidogo.

"Na yenye inabaki ni yangu," akasema. "Mtu asiguse."

Saidi, hodari wa hesabu, akasoma ukubwa wa diski kwenye lebo, akatoa vipande vyetu. Kilichobaki kilizidi nusu! "Mwamba ngoma huvutia kwake," akaninong'oneza, nami nikaongeza yangu ambayo siyarudii hapa. Mtu hawezi hata kuiwasha mashine bila kuita mtoto, anataka nusu ya nini?

Ningesahau, lau si harusi ya binamu yetu kule Kagarama. Niliimba kasida peke yangu mbele ya watu wote, na mpiga video akanirekodi. Hakuna aliyewahi kunirekodi. Akatuletea harusi nzima katika faili moja zito, akasema tuinakili leo leo, maana kadi yake inafutwa kwa harusi nyingine. Nikafuta katuni zangu zote. Haikutosha. Kwa kaka zangu pia haikutosha. Nikamwendea Baba.

"Baba, nipe nafasi kwa yako. Kidogo tu."

"Hapana, Zaituni."

"Kwani iko na nini ndani?"

"Iko na yangu. Wacha."

Nililia mpaka kwikwi. Yeye alikaa pale akikunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa, hata hakunitazama. Kadi ikafutwa, na wimbo wangu ukaenda nayo.

Miaka ikapita, nikapata kazi Kimihurura, nikapewa laptopu kuukuu nizitie diski mpya. Ya kwanza ikaona mwanzo tu wa diski, kwingine kote haikuona kitu. Nikaigawa, nikaifuta, nikaigawa tena, nikaitukana, mpaka mwenzangu mmoja Mtanzania akanicheka.

"Utachoka bure, dada. Hizi za zamani zina kikomo. Kilichozidi hapo hazikioni, hata ukate vipi."

Nikampigia Baba palepale, nikamuuliza kuhusu ile nusu yake.

"Fundi aliniambia siku ile ile," akasema. "Mashini haifike huko. Sasa ningemwambia Yusufu nini? Mushahara yake ya kwanza, mwanangu!"

"Si ungeniambia mimi!"

"Wewe? Ungenyamaza wapi!"

Mama hupenda kusema ukubwa ni jalala. Lakini sijaona mtu mwingine aliyejipeleka mwenyewe kuwa jalala, akachukua sehemu isiyofaa kitu na jina la uchoyo juu yake, halafu akamwacha bintiye alie. Nampenda sana, na ananichosha sana.

"Na Yusufu usimwambie," akaongeza kabla ya kukata simu.

Basi kila Idi, Yusufu humtania mezani mbele ya wanawe: "Mwoneni babu yenu, alikula nusu ya diski peke yake!" Watoto hucheka, na Baba hucheka kuliko wote huku akimwongezea Yusufu nyama. Kisha hunitupia jicho. Na mimi, niliyepoteza wimbo, natafuna kimya.