Silensa ya Pikapu ya Babu

Wiki iliyopita gari bovu lilipita nyuma ya nyumba yangu hapa Morogoro, moja ya yale yaliyooza bomba la moshi, likinguruma mpaka vikombe vikagongana kabatini. Mama amekuja kunitembelea, na wakati huo alikuwa barazani akichambua mchele. Aliposikia ule mngurumo aliweka ungo chini, akainuka na magoti yake yanayomsumbua, akaingia ndani na kusimama nyuma ya mlango, ameipa barabara mgongo. Gari likapita. Mama akaanza kucheka peke yake, mkono mdomoni.

"Mwe, Tumpe," akaniambia, "miguu yangu bado haijui kwamba mzee alishakufa."

Nikacheka naye, halafu nikaenda jikoni nikalia kidogo. Kisa cha mlango ule nakijua, na sehemu mbaya ya kisa hicho ni yangu. Nawasimulia ninyi, mradi msinihukumu kabla sijamaliza.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa na pikapu. Ilikuwa ya Kiingereza, ya kijani pale ambapo rangi ilikuwa bado imebaki, na aliinunua kwa mzungu wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao. Nyuma aliiandika kwa rangi nyeupe MBOMBO NGAFU, yaani kazi ni ngumu, na kweli kazi iliifanya. Ilibeba ndizi kutoka kwetu Masoko hadi sokoni Tukuyu, ilibeba kwaya, wagonjwa, maharusi, na siku moja fahali aliyeingiza kichwa kwenye kidirisha cha nyuma cha kabini akala kofia ya Babu. Kidirisha hicho hakikupata kioo tena. Ndani mlinukia petroli, grisi, magunia mabichi na ndizi zilizoanza kuiva, na mpaka leo nikipita gereji yenye harufu hiyo napunguza mwendo.

Niliipenda pikapu ile kuliko mwanasesere yeyote. Majina ya vifaa vya injini niliyajua kabla ya jedwali la kuzidisha. Babu alikuwa akifungua boneti kila asubuhi kabla ya chai, ukungu bado umelala migombani, akasugua plagi kwa brashi ya waya na kupuliza kabureta huku mimi nimeshika kopo la skrubu. Spana zake alizifunga kwenye kitambaa chenye mafuta kama mtu anayefunga mtoto mchanga. "Injini ni ng'ombe wa maziwa," alikuwa akiniambia. "Ukimsema vibaya asubuhi, jioni anakunyima."

Sasa mtu wa namna hiyo, anayesikia nati moja ikilegea, alikuwa anaendesha gari lisilo na silensa. Mimi nilizaliwa nikalikuta hivyo. Bomba lilikatikia chini ya kabini, na sauti yake ilisikika toka likiwa kule bondeni, kabla halijaanza hata kupanda kilima chetu. Fundi Gwakisa wa Tukuyu, rafiki yake, alimsihi miaka nenda miaka rudi amfungie silensa. Babu alikuwa akijibu kwamba iko sawa.

Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya ile ya Babu, na njia ya gari ilipita katikati. Baba alikuwa mwalimu Sumbawanga, tulimwona likizo tu. Kwetu wakati ule, na kwa wengine hata leo, mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye. Akimwona anakuja anaacha njia, anageuka, anachuchumaa mpaka apite. Si chuki, msije mkadhani. Ni heshima, tena nzito. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa posta yao. Maziwa yalitoka juu kwa mkono wangu, magimbi yalipanda kwa mkono wangu. Mama akisikia pikapu bondeni alikuwa anamaliza anachofanya bila haraka, anajifunga kanga vizuri na kuingia migombani. Nilimwona akifanya hivyo mara elfu, wala sikuwahi kujiuliza anajuaje.

Ndipo zikaja zile zama za ruksa. Vitu vilivyokuwa vya kusikia tukaviona madukani, mitumba ikamwagwa sokoni Tukuyu, wanunuzi wa kahawa wakaja na mizani yao wenyewe. Jirani yetu Mzee Asegelile akaleta pikapu nyeupe ya Kijapani iliyokwishatumika huko kwao, lakini kwetu ilikuwa mpya kama yai. Ilipita kama paka. Binti yake Neema nilisoma naye darasa moja, na shuleni alikuwa akiniuliza mbele za watu, "Tumpe, lile la kwenu bado linaharisha?" Darasa zima lilikuwa likiangua kicheko. Mimi, mtoto wa injini, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi moja Babu alikuwa na kikao cha wazee wa kanisa Tukuyu. Akaiacha pikapu kwa Fundi Gwakisa irekebishwe breki, na mimi akaniacha nikae nayo. Pembeni ya gereji niliona silensa imeegemezwa ukutani, imetolewa kwenye gari lililokufa. Nikaitazama muda mrefu. Kisha nikasema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, "Fundi, Babu kasema uweke na silensa."

Gwakisa alisimama na breki mkononi. "Kasema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi leo nimepona," akasema, akalala chini ya gari akipiga mluzi.

Babu aliporudi mvua ilikuwa imeanza, ile ya Tukuyu isiyouliza mtu kama ana mwavuli. Akina mama watatu wa kwetu waliokuwa sokoni walikuwa wameshapanda nyuma na makapu yao, wamejifunika turubai. Babu akawasha. Injini ikaunguruma polepole, kwa adabu, kama ya Asegelile kabisa. Babu akatoa mkono kwenye usukani kana kwamba umemchoma.

"Si ulimtuma mtoto?" Gwakisa akauliza.

Babu akanitazama. Nilitegemea fimbo, au nikiwa na bahati, tabasamu. Hakunipa chochote. Akatazama mvua, akawatazama wale akina mama, akaingiza gia. Tulipofika chini ya kilima chetu akasimama.

"Shuka, Tumpe. Honi haifanyi kazi. Kimbia ukamwambie mama yako kwamba nakuja. Nitahesabu mia mbili ndipo niondoke."

Nilikimbia, hilo naweza kuapa. Nilikimbia mpaka langoni kwa Mzee Asegelile, na pale Neema alikuwa amesimama kibarazani akichungulia mvua. Nikashindwa kupita. Nikamwita, "Neema! Njoo usikie gari letu linavyopita!" Akaja. Tukasimama chini ya mchongoma tukisubiri. Na kweli pikapu ikaja, imetulia kama maji ya mtungini, na ndipo nilipokumbuka nilikotumwa.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa akitoka kisimani, ndoo kichwani na jani la mgomba juu yake, mvua inampigia ngoma masikioni. Kwenye kona ya mwisho akainua macho na kumwona baba mkwe wake hatua kumi mbele, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi. Nilikuwa nakimbia nyuma ya gari, nikaona ndoo ikiruka. Mama akajitupa nje ya njia, akateleza kwenye udongo mwekundu, akaangukia tumbo kwenye kisiki.

Babu alizima injini. Hakushuka. Alikuwa amegeuza uso dirishani upande wa pili na kuufunika kwa mkono, na kwa sauti ambayo sijaisikia tena akawaambia wale akina mama, "Mchukueni mwenzenu. Mchukueni upesi." Wakambeba, wakamlaza nyuma juu ya magunia na kumfunika turubai. Niliona damu kwenye kanga yake.

Nilipopanda kabini Babu aliinua mkono, akashika kile kioo cha kutazamia nyuma, akakikunja mpaka kikakatika. Akaniwekea mapajani. Akageuza gari.

Njia ya Masoko wakati wa mvua mnaijua, au hamuijui na Mungu amewaepusha. Nilipiga magoti kwenye kiti nikiangalia nyuma kupitia kile kidirisha kisicho na kioo, uso wa Mama uko karibu kiasi cha kuugusa.

"Tumpe," Babu akasema, macho barabarani, "mwambie mama yako kuna shimo kulia. Ajikaze."

"Mama, Babu anasema kuna shimo kulia."

"Mwambie nimejikaza."

"Babu, anasema amejikaza."

Hivyo hivyo, kona kwa kona. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, maana silensa ilikuwa inafanya kazi yake, lakini maneno yalipita kwangu kwanza. Karibu na Tukuyu Mama akanyamaza. Babu akasubiri jibu, halikuja. Akasema, "Tumpe, mwambie mama yako nimekosa. Mwambie asilale." Nilirudia huku nalia. Muda ukapita, kisha Mama akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mwambie baba silali."

Hakulala. Mdogo wangu Lusajo alizaliwa alfajiri, mdogo kama kiatu, na leo ana kitambi. Mama alikaa hospitali wiki tatu. Kabla hajatoka, Babu alirudi kwa Gwakisa na kuitoa silensa. Hakunipiga. Kwenye njia ya kurudi, tukipiga kelele bonde zima, aliniambia jambo moja tu: "Mtu haingii kwa watu bila hodi." Nililielewa nusu. Nilielewa kwamba Mama alihitaji kusikia. Shuleni Neema akaendelea kuuliza kuhusu kuharisha, nami sikumjibu tena.

Nusu nyingine alinipa Fundi Gwakisa, siku ya msiba wa Babu, mimi nikiwa tayari na watoto wawili. Tulikuwa tumekaa gerejini tukisubiri kuichukua pikapu, maana Babu aliagiza ndiyo imbebe. Nikamwambia silensa ya kwanza ilianguka zamani hata sijazaliwa.

"Haikuanguka," Gwakisa akasema. "Aliniletea niikate. Wiki ile mama yako alipoletwa kwenu. Bibi harusi mgeni, hajui saa za mzee, kila kona anashtuka, anatupa mzigo anakimbia. Mzee akasema, 'Kata, mtoto wa watu atajivunja.' Akanikataza kusema sababu. Mimi nikadhani mama yako ameshazoea, ndiyo maana nikawa namsihi airudishe."

Mzee aliyependa injini kuliko chakula, aliyesikia nati ikilegea, alikubali gari lake lichekwe wilaya nzima miaka yote ile ili mkwe wake apate muda wa kutua ndoo yake polepole. Nami nilikuwa nimemwonea aibu.

Nyumbani Masoko mchungaji alimwambia Mama kwamba mambo ya zamani yamepita, aende akamuage mzee uso kwa uso kama watu wengine. Mama akamshukuru, hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa amesimama njiani na waombolezaji tuliposikika bondeni tukija na jeneza. Mimi nilikuwa kabini pamoja na dereva, na kutoka kwenye kona ya mwisho nikamwona. Hakukimbia. Alijifunga kanga vizuri, akatoka njiani, akaingia migombani na kuchuchumaa, ametugeuzia mgongo, kichwa ameinamisha, mpaka tukampita. Dereva alipozima injini uani, ndipo akainuka, akajikung'uta majani, akaja kulia na wenzake.