Barua ya Kunyonyesha na Bendera Nyekundu

Mwanangu Tusekile, Alhamisi ile kengele ya kompyuta ilipolia kwa mara ya saba, nilimtazama baba mkwe wangu usoni. Nikamwambia mbele ya watu, "Baba, mtoto ana njaa na mimi maziwa yananimwagikia. Leo utanijibu."

Mzee mmoja kutoka Suma, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri mbolea, alifungua mwamvuli wake humo humo ndani akajificha nyuma yake. Hakutaka kuwa shahidi.

Utasoma haya ukiwa mkubwa, pengine una kazi yako na ofisi yako, na utajiuliza kuna ubaya gani mtu kumtazama bosi wake. Kaa nikueleze. Mimi si mzee wa kutoa nasaha, nina miaka ishirini na sita na meno yote. Lakini hapa Rungwe mzee wa kutoa nasaha za kompyuta bado hajapatikana, kwa hiyo utanivumilia mimi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza kuchapa, nikapata ukarani kwenye chama cha wakulima wadogo wa chai pale Tukuyu. Ilikuwa miaka ile mashirika ya serikali yanauzwa, kiwanda kimepata wenyewe wapya, na wakulima wameambiwa wajisimamie. Meneja wetu alikuwa mtumishi wa shirika la zamani, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, chama kikamchukua. Jina lake silitaji, na sababu utaiona. Maisha yake yote ya kazi alikuwa masijala. Huko, mwanangu, mkubwa asipotaka kuamua jambo huandika tarehe juu ya jalada, karani analirudisha kabatini, na tarehe ikifika analileta tena mezani. Mkubwa anaandika tarehe nyingine. Meneja alikuwa akijisifu kwamba miaka yote ile hakupoteza jalada hata moja. Naamini. Aliyazungusha tu.

Mimi na yeye tulielewana vizuri mpaka nilipoolewa. Jumamosi nilifunga ndoa na baba yako, Ambokile. Jumatatu nilipofika kazini Meneja hakuwa Meneja tena, alikuwa baba mkwe, kwa sababu ni mdogo wake babu yako, tumbo moja. Na kwa mila yetu Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake. Mchungaji anasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Meneja mwenyewe ni mzee wa kanisa, na mchungaji akisema hivyo huitikia kwa kichwa. Lakini kanisani yeye anakaa upande wa wanaume, na ofisini kwetu kulikuwa na chumba kimoja tu kilichogawanywa kwa ubao wa plaiwudi.

Basi tukaanza maisha ya kukohoa. Yeye akitaka kupita anakohoa, mimi natoka kwa mlango wa nyuma na kusimama barazani, mvua ikinipiga miguuni, mpaka nisikie amekaa upande wake. Mimi nikitaka kumpa karatasi naisukuma chini ya ubao. Wakulima walituzoea. Wengine walikuwa wakituonea huruma, wengine walikuja kutazama.

Wafadhili walipotuletea kompyuta, Meneja alifurahi kuliko siku aliyoajiriwa. Alikohoa, nikatoka, akaisoma karatasi ya maelezo iliyokuja nayo, kisha akaniambia kupitia ubao, "Mkamwana, kuanzia leo mimi na wewe tutaandikiana barua pepe." Kompyuta ilikuwa moja, nayo iko juu ya meza yangu. Ndani yake tulikuwa na masanduku mawili ya barua, lake na langu. Nikimwandikia, barua inatoka mezani kwangu, inapanda kwenye waya wa simu, inazunguka huko dunia inakokujua yenyewe, inarudi mezani pale pale. Halafu nagonga ubao. Anakohoa. Natoka. Anakuja kukaa kwenye kiti changu, bado kina joto langu, anasoma.

Na sasa nakuja kwenye kosa langu mwenyewe. Chama kilinipeleka semina Mbeya siku tatu, huko wakatufundisha kwamba barua inayotaka kufuatiliwa unaiwekea bendera nyekundu, unachagua siku na saa, na siku hiyo kengele inalia na kidirisha kinatokea kukukumbusha. Nilirudi nimevimba kichwa. Nikamfundisha Meneja, yeye amekaa kwenye kiti changu na mimi nimesimama upande wake wa ubao.

"Baba, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya."

"Nimebonyeza."

"Kimetokea nini?"

"Kimetokea orodha. Ndefu."

"Shuka nayo mpaka uone bendera."

"Naona bendera. Ya nchi gani?"

"Si ya nchi, baba. Ni ya kazi. Ukiibonyeza inakuuliza ukumbushwe lini."

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi baada ya miaka mingi. "Kumbe hii ni masijala," alisema. "Wameiweka masijala humu ndani."

Ningejua, ningemwambia ile ni picha ya pambo tu, isiyo na maana yoyote. Nilimfundisha kuweka bendera. Nilimfundisha na kitufe cha kuahirisha, ambacho ukikibonyeza kidirisha kinaondoka na kengele italia tena baada ya muda unaoutaka. Sikumfundisha kwamba kati ya kengele na kengele kuna kazi ya kufanywa. Nilidhani hilo mtu mzima analijua.

Ndani ya mwezi kila kitu kilikuwa na bendera. Mbolea ya wakulima wa Mpuguso ilikuwa na bendera. Mizani iliyovunjika ilikuwa na bendera. Chanjo ya ng'ombe wake ilikuwa na bendera, mazoezi ya kwaya pia, mpaka sherehe za siku ya kuzaliwa kwa mama mkwe wake, ambaye hajui alizaliwa lini. Mkulima akiuliza, Meneja anajibu nyuma ya ubao, "Suala lako lina tarehe." Mkulima anaondoka ameridhika. Nani asingeridhika, suala lake limo kwenye kompyuta.

Kisha ukazaliwa wewe. Likizo ilipokwisha nikakuacha na mama mdogo wako, Neema, kwenye chumba tulichopanga nyuma ya soko, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka ofisini. Ulikuwa na miezi mitatu na kichwa kigumu kama cha baba yako. Maziwa ya ng'ombe uliyatema. Uji uliutema na kumtemea Neema usoni. Ulitaka titi, na titi lilikuwa ofisini linaandika barua za mbolea. Kutoka bila ruhusa ya maandishi sikuweza. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kwenda sokoni saa nne. Kliniki nesi alichora nukta kwenye kadi yako, akatazama, akachora mstari, na mstari ulikuwa unashuka. Hakunisema. Aliuliza tu, "Mama, unafanya kazi wapi?" Nilitamani ardhi inipokee.

Siku ile ile nikamwandikia Meneja. Kichwa cha barua nikaweka, kwa herufi kubwa ili asiikose: OMBI LA RUHUSA YA KUNYONYESHA. Niliomba muda wa saa moja asubuhi na mwingine wa saa moja mchana, basi. Nikagonga ubao. Akakohoa. Nikatoka. Niliporudi, barua haikuwa mbele yangu, sanduku lake alikuwa amelifunga, lakini aliniambia kupitia ubao, "Nimeipa bendera."

Mimi mjinga nikafurahi. Nilikwenda nyumbani nikamwambia baba yako limepokelewa.

Alhamisi iliyofuata kengele ikalia. Kidirisha kikatokea katikati ya kioo: OMBI LA RUHUSA YA KUNYONYESHA, na wakulima wanne wako kwenye benchi. Nikagonga ubao. Akakohoa, nikatoka, akaja mbio, akabonyeza, akarudi mbio. Ameahirisha wiki moja. Alhamisi nyingine vivyo hivyo. Alhamisi nyingine tena. Mwanangu, elewa vizuri jambo hili: mimi ndiye niliyekuwa nikimwita aje kuahirisha njaa yako. Mimi ndiye niliyetoka nje nikalowa ili apate nafasi ya kuiahirisha. Halafu nilikwenda stoo, nikakamua maziwa kwenye kikombe nyuma ya mifuko ya mbolea, nikayamwaga, nikarudi kuandika kwamba mizani ya Suma inashughulikiwa.

Alhamisi ya saba alikuwa amesahau kulifunga sanduku lake. Kidirisha kilipotokea, nyuma yake niliona orodha ya barua zake zote, bendera nyekundu kutoka juu hadi chini kama siku ya mbio za mwenge. Na barua yangu ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito. Wewe utayajua haya tangu utotoni, lakini nikuambie: kwenye programu ile barua iliyosomwa hufifia, na ambayo haijafunguliwa hubaki na wino mzito. Barua yangu haikuwa imefunguliwa. Wiki saba. Aliiwekea bendera kwa nje, kama mtu anayefunga kamba kwenye gunia asilotaka kujua lina nini.

Niligonga ubao. Akakohoa. Sikutoka.

Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikabaki kwenye kiti. Akatokea pembeni ya ubao akaniona nimekaa, akasimama kama aliyekanyaga nyoka, na hapo ndipo nikamtazama na kumwambia yale niliyokwisha kukueleza. Aligeukia ukutani. Alijibu akiiangalia kalenda, "Mkamwana, hilo... hilo lina tarehe."

"Hujaisoma, baba."

"Nimeiona."

"Umeona kichwa cha habari."

"Kichwa chenyewe kinatosha," alisema, na masikio yalikuwa yamemwiva.

Bibi Tupokigwe, mjumbe wa bodi, mama wa miaka sabini anayechuma chai mpaka leo, alikuwa pale akisubiri karatasi za kikao. Alinishika mkono akanipeleka stoo. Nilidhani ananipeleka kunituliza.

"Umemwandikia mkwe wako habari za matiti," alisema. "Kwa herufi kubwa."

"Nimwandikie habari gani, bibi? Za mvua?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa mbolea. Alipopata pumzi akanigeukia, na hapo hakuwa anacheka. "Yule mtu hana roho mbaya. Ana haya. Kila kengele ikilia anakufa kidogo. Wewe ulijua kwamba mila haimruhusu kuyasikia haya, ukampelekea yeye peke yake, ukakaa wiki saba unasubiri bendera. Mtoto wako anapungua na wewe unangoja kengele? Bodi ina watu wanane. Watatu ni wanawake. Mimi nina mdomo na wewe una mdomo. Kwa nini hukuja kwangu wiki ya kwanza?"

Nilikuwa na hasira, na hasira bado ninayo, sitakudanganya. Yeye ana haya, sawa. Mstari wa kadi yako haukujua kama ana haya. Lakini bibi alinichoma pale penye ukweli: na mimi niliitegemea ile bendera. Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, nilifungua sanduku langu mwenyewe nikahesabu. Nilikuwa na bendera kumi na tisa. Barua ya yule mzee wa mwamvuli ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo mwanangu, nakuasa hivi. Siku ukiwa na kompyuta yako, bendera weka, kengele tega, ni vitu vizuri na mimi navitumia hadi leo. Lakini kabla hujaweka bendera fungua barua uisome mpaka mwisho, hata kama inakuaibisha. Karibu na ile tarehe andika ni nini utakachofanya siku hiyo, siyo jina la shida tu. Kengele ikilia mara ya kwanza, fanya. Ikilia mara ya pili, mwambie mwenye shida kwa nini hujafanya. Usiiache ilie mara ya tatu. Kama huwezi, sema huwezi, mtu atafute pengine. Na wewe ukiwa ndiye mwenye shida, usikubali kuambiwa suala lako lina tarehe. Uliza ni nani atakayelifanya, na usipopata jibu, siku hiyo hiyo nenda kwa mwingine, kwa miguu, umtazame.

Mungu akupe macho ya kusoma hadi mstari wa mwisho. Akupe mdomo usiosubiri kukohoa. Akuweke mbali na watu wa kuahirisha, na akikukuta wewe ndiye unayeahirisha, akutikise mapema, ungali kijana. Unono wako ule wa mwaka wa kwanza, ulioupata titi lilipokurudia na uliomfanya nesi akuite gunia, usikuondoke.

Baada ya Alhamisi ile niliandika barua nyingine, hii kwa mkono. Niliiandika Jumamosi mchana, wewe umelala, na Jumatatu nikaingia nayo kwenye kikao cha bodi nikaisoma mwenyewe kwa sauti. Nakala yake ni hii.

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MENEJA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na ukishahusika nacho uendelee kusoma.

Mimi ni karani wa chama hiki. Namlalamikia Meneja kwa kuiwekea bendera barua yangu ya kuomba ruhusa ya kunyonyesha na kuiahirisha kwa wiki saba bila kuifungua. Simlalamikii kwa kunikatalia, kwa sababu hajanikatalia. Angenikatalia wiki ya kwanza ningekuwa nimeshafika kwenu.

Naomba muda wa saa moja asubuhi na mwingine wa saa moja mchana, kila siku ya kazi, mpaka mtoto atimize mwaka. Naomba pia maombi ya wafanyakazi wanawake yapokelewe na mjumbe mwanamke, ili Meneja asipate taabu.

Sitaki barua hii ipewe tarehe. Naomba jibu la mdomo, sasa hivi, mkiwa mmekaa. Mtoto ninaye mgongoni, ameamka, na kama kikao kitachukua muda nitaomba kiti nimnyonyeshe hapa hapa.