Mwenye Boti Hashuki

Kwa miaka kumi na miwili Albano Mnalima alipiga mbizi bandarini Dar es Salaam, na katika miaka yote hiyo hakuona chini ya maji kitu hata kimoja cha kumsimulia mkewe. Maji ya bandari yalikuwa mazito kwa tope na mafuta machafu. Ukishashuka pima mbili huuoni mkono wako mwenyewe. Alifanya kazi kwa vidole. Alipapasa matumbo ya meli akitafuta ufa, alikata kamba zilizojisokota kwenye rafadha, yale mapanga yanayoisukuma meli, alifunga minyororo kwenye vitu vilivyodondoka gatini. Akirudi nyumbani Mtoni alikuwa ananuka dizeli hata baada ya kuoga mara mbili.

Alikuwa mtu wa Masasi, aliyeingia mjini mwaka wa uhuru akiwa kijana wa miaka ishirini. Alibeba magunia kwanza, kisha fundi mmoja Mgoa akamwona anavyoogelea akamfundisha kuvaa mtungi wa hewa. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Jamali Mwishehe, Mzaramo wa Temeke, mtu wa maneno mengi na mzaha. Walishuka pamoja na kupanda pamoja, mmoja akimshika mwenzake bega gizani.

Jumapili moja mwaka 1971 mgeni fulani aliyekuwa na boti aliwachukua wote wawili kwenda Kimbiji kumtafutia nanga iliyopotea. Albano alishuka pima kumi, akauona mkono wake. Aliutazama mkono huo kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama samaki. Maji yalikuwa meupe hadi chini, na juu ya kichwa chake boti ilining'inia kama kitu kilichotundikwa angani. Nanga waliipata, wakarudi mjini, na Jumatatu akashuka tena kwenye tope. Lakini kuanzia hapo alikuwa na jambo lake moyoni mwake ambalo halikumtoka.

Aliamua kutengeneza boti. Aliijenga nyuma ya nyumba kwa miaka miwili, kila jioni baada ya kazi, kwa mbao za mvule na za makasha ya mizigo. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza boti hiyo ni ya nani na itavua nini. Albano akamweleza kuwa haitavua, itawapeleka wapiga mbizi wenzake kutazama chini ya bahari siku za mapumziko. Balozi alisimama akaizunguka mara mbili. Wakati ule watu walikuwa wanahimizwa kumiliki vitu kwa pamoja, na boti ya mtu mmoja, tena ya kutazamia samaki bila kuwavua, hakujua aiweke kundi gani. Mwishowe akasema ni sawa, mradi isilete maneno. Yule mgeni aliporudi kwao alimwachia Albano injini yake kuukuu, na boti ikapakiwa kwenye lori hadi Kimbiji, ikawekwa pwani chini ya uangalizi wa baba mdogo wa Jamali.

Albano alikuwa ameona bandarini watu wawili wakitolewa majini wakiwa maiti, kwa hiyo boti yake aliiwekea masharti kabla hata haijaguswa na maji ya chumvi. Hakuna kushuka peke yako. Wanaoshuka wanachukua kamba yenye boya, ili aliye juu ajue walipo. Saa inatazamwa. Kupanda ni polepole, usiyapite mapovu yako madogo, maana anayekimbilia juu hupooza au hufa. Na sharti la mwisho: boti haiachwi hata mara moja bila mtu anayeijua.

Aliyeijua alikuwa mmoja tu. Injini ile ilikuwa na vituko vyake. Kuna namna ya kuivuta kamba, kuna mahali pa kuipiga na kiganja, kuna pumzi ya kuisubiri kati ya mvuto wa kwanza na wa pili. Albano hakumruhusu mtu kuigusa. Spea zilikuwa hazipatikani, na aliogopa ikiharibiwa ndiyo basi. Hivyo Jumapili ya kwanza yeye alikaa na Jamali akashuka. Jumapili ya pili vilevile. Alipakia mtungi wake kila safari, umejaa, pamoja na miwani na mapezi, na kila safari aliurudisha umejaa. Filomena, mkewe, alimuuliza siku moja mbona Jamali hurudi macho mekundu kwa maji ya chumvi na yeye hurudi nywele kavu. Alimjibu kuwa mwenye boti hashuki. Alilisema kama jambo la kujivunia.

Ikawa hivyo kwa miaka miwili. Kule kwenye tope alishuka kila siku, na kule kwenye maji meupe alikaa juu akiyatazama mapovu ya wenzake.

Novemba 1975, bahari ikiwa imetulia kati ya pepo mbili, waliondoka Kimbiji saa nne asubuhi, watu watatu: Albano, Jamali, na Theonest, karani mmoja Mhaya aliyejifunza kuogelea ziwani kwao Bukoba na kufundishwa mtungi na Jamali mwenyewe. Walikwenda nje ya mwamba, mahali penye ukuta wa matumbawe unaoteremka pima kumi na tano. Nanga haikufika vizuri hapo, kwa hiyo Albano aliiacha injini ikinguruma taratibu akilifuata boya. Upande wa pwani, mwendo wa dakika chache tu, mawimbi yalikuwa yanavunjika juu ya mwamba.

Dakika kumi na saba baadaye Theonest aliibuka kando ya boya, peke yake. Alishika ubavu wa boti kwa mikono miwili, hawezi kusema. Alipoweza, alisema Jamali amenasa. Jarife la nailoni, wavu wa papa uliokatika na kuachwa na wenyewe, ulikuwa umejitandaza ukutani. Jamali aliingia kwa miguu, akajigeuza ili ajitoe, ukamshika na mtungi. Kisu kilimponyoka kikaanguka chini. Theonest alijaribu kuuvuta kwa mikono, ukazidi kumkaza.

"Hewa yake?" Albano aliuliza.

"Chini ya robo. Labda dakika sita. Mimi nina nusu."

Mkono wa kushoto wa Albano ulikuwa umeshafika kwenye mapezi yake. Hakuna mtu Dar es Salaam nzima aliyejua kazi ile kuliko yeye. Alishakata kamba kwenye rafadha gizani bila kuona; wavu kwenye maji meupe ulikuwa kazi ya dakika mbili. Kisha akatazama mwamba. Mkondo ulikuwa umegeuka mapema kuliko alivyokadiria, na boti, kwa muda ule mfupi wa maneno, ilikuwa imeshasogea. Kuifunga kwenye kamba ya boya, ambayo Jamali alikuwa nayo kule chini, kungekuwa kumvuta Jamali ndani zaidi ya wavu. Akimwachia Theonest injini, ikizima haitawaka. Theonest hajawahi kuishika. Boti itapanda mwambani, na wote watatu watakuwa baharini, mmoja akiwa amefungwa.

Alikuwa amelijenga jambo hilo mwenyewe, ubao kwa ubao. Alilijua wakati ule ule, mkono wake ukiwa bado kwenye mapezi.

"Chukua mtungi wangu," alimwambia Theonest. "Usiuvae. Ukifika mpe mdomoni kwanza, kabla ya kukata chochote. Mshike uso akuone. Halafu anza kukata nyuma, kwenye mtungi, si miguuni. Mkipanda, mshike mkanda asikimbie."

Theonest alisema anaogopa. Albano akamwambia anajua. Alimfunga kisu mkononi kwa kipande cha kamba, akafungua hewa ya mtungi wake, akamkabidhi, na karani yule akazama.

Kilichobaki kilikuwa kukaa. Mkono wa kulia kwenye injini, mkono wa kushoto umeshika kamba ya boya, si kwa kuivuta, kwa kuisikiliza tu. Kamba ilitetemeka. Ikatulia. Boti ilisukumwa, akairudisha. Chini aliona mapovu ya makundi mawili, moja kubwa la Theonest na moja dogo, jembamba, ambalo lilikuwa linachelewa kati ya pumzi na pumzi. Alijikuta anapumua pamoja na lile dogo. Lilipokawia naye aliziba pumzi mpaka kifua kikauma. Jua lilimpiga kichwani. Hakuweza kufika kofia ilipokuwa, maana hatua moja tu ingeachisha mkono mmoja kazi yake. Boti ilikuwa na urefu wa futi kumi na nane na yeye alikuwa na nafasi ya makalio tu. Kisha lile kundi dogo likakoma kabisa. Alihesabu hadi arobaini. Alipofika arobaini na moja yakatoka mapovu mengi kwa mpigo, makubwa, na akajua Jamali anavuta kwenye mtungi wake yeye.

Zilipita dakika kumi nyingine. Walipopanda, hawakupanda walivyoagizwa. Jamali alipojisikia huru alimponyoka Theonest akakimbilia juu kama kizibo, akaruka nje ya maji hadi kiunoni, macho yametoka. Albano alimvuta ndani. Alikuwa hai, anacheka na kulia. Nusu saa baadaye, wakielekea pwani, alisema mguu wake wa kulia umekufa ganzi.

Hapakuwa na gari Kimbiji siku hiyo isipokuwa lori la nazi, na barabara ilikuwa mashimo matupu. Walimlaza juu ya nazi zilizotandikwa turubai, Albano amemshika kichwa, masaa matatu na ushei hadi mjini. Hospitalini walimpa hewa safi na dawa, wakamweka wiki tano. Chombo cha kuwarudishia wapiga mbizi presha ya kilindini, kisha kuipunguza polepole, hakikuwapo. Mguu ulirudi nusu. Alitoka na fimbo, na bandarini wakampa kazi ya stoo, kugawa kamba na pingu za chuma za kuungia minyororo.

Albano alikwenda Temeke kumwona mgonjwa alipotoka. Zuena, mke wa Jamali, alimpokea vizuri, akamkaribisha kitini, kisha akabaki amesimama.

"Shemeji, nyie wote mnasema wewe ndiye fundi," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Kwenye boti."

"Boti ilikuwa inazama?"

"Hapana."

Zuena akaenda uani. Jamali, kitandani, alikuwa anatazama dari, na hakumtetea.

Mwaka mzima boti ilikaa juu ya magogo. Albano alishuka kwenye tope kila siku na mwenzake mpya aliyepewa, na kila aliposhikwa bega gizani alidhani ni Jamali. Jioni Filomena alimkuta ameketi nyuma ya nyumba mahali boti ilipojengwa, ambapo palikuwa pamebaki vumbi la mbao tu. Usemi ule wa kwamba mwenye boti hashuki haukumtoka tena kinywani.

Mapema mwaka 1977 Jamali alikuja Mtoni mwenyewe, kwa miguu, na fimbo yake. Hakukaa. Alisema kule stoo anahesabu pingu mpaka anaziota, na kwamba hatapiga mbizi tena maisha yake, lakini makalio yake bado mazima. "Nifundishe mie ile injini," akasema.

Albano alimfundisha kwa miezi minne. Alimfundisha kuvuta kamba, mahali pa kupiga na kiganja, pumzi ya kusubiri. Ilimuuma kila mara injini ilipokohoa mikononi mwa mtu mwingine, lakini alikaa juu ya mikono yake asiiguse. Walifundishana kuusoma mkondo, kulifuata boya, kuisikiliza kamba. Walizungumza mambo ya injini tu.

Jumapili moja mwezi Agosti walirudi nje ya mwamba wa Kimbiji, na Albano akavaa mtungi. Alishuka na Theonest, ambaye tangu siku ile alikuwa ameacha kuogopa, au ameacha kusema. Maji yalikuwa meupe vilevile. Aliuona ukuta wa matumbawe, aliona samaki wa manjano wakigeuka wote pamoja. Lakini shingo yake haikutaka kuinama. Kila baada ya pumzi mbili tatu alitazama juu, kwenye tumbo la boti, kama ipo. Alijaribu kuutazama mkono wake, akaona saa tu. Baada ya dakika tisa alimwonyesha Theonest kidole cha kupanda.

Alipoibuka alimkuta Jamali ameshika kamba kwa nguvu, shati limelowa jasho, na mguu mbovu umenyooshwa mbele kama ubao.

"Mbona mapema?" Jamali aliuliza.

"Nilikuwa naangalia kama upo."

Jamali aliirudisha boti kidogo dhidi ya mkondo, vizuri, bila haraka. "Siku ile nilikulaumu," akasema.

"Najua."

"Mpaka leo nakulaumu. Nimekaa hapa dakika tisa, najua usingeweza kufanya kitu kingine, na bado nakulaumu."

Albano alikuwa ameshika ubavu wa boti kwa mikono miwili.

"Haya, shuka," Jamali akasema. "Hewa bado unayo."

Akashuka. Alishuka Jumapili sita kwa jumla, kabla ya petroli kuwa ya vibali na vita kuanza huko Kagera, na boti ikapandishwa juu ya magogo isiteremke tena. Jumapili zote sita Jamali alikaa kwenye injini, na mara ya nne au ya tano, Albano hakumbuki vizuri, aliweza kukaa chini dakika ishirini nzima bila kutazama juu.