Siku Niliyolala Golini Maretadu

Nimezalisha wanawake wengi, nimeshona vichwa vya walevi, nimemfukuza nyoka wodini kwa ufagio, lakini ukifika Maretadu ukauliza habari zangu watakutajia jambo moja tu: yule sista aliyelala golini. Basi nisimulie mwenyewe, maana wenzangu wakiisimulia wanaongeza chumvi, na kisa chenyewe chumvi kinayo ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya vyandarua vya bure. Watu walivipokea kwa shukrani, kesho yake unavikuta vimefunika vifaranga na miche ya kabichi, kwa sababu huku ni baridi, sista, mbu hawapo (walikuwepo, nawajua, walinitafuna mimi mtu wa Muheza niliyedhani nimewaacha kwetu). Ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa mpira ili nionyeshe matumizi. Na siku hiyo hiyo alikuwa anakuja bwana mmoja wa afya kutoka wilayani, ambaye ndiye angeamua kama zahanati yetu ipewe muuguzi wa pili. Nilikuwa peke yangu tangu mwenzangu aende masomoni. Ubaya wangu ni mdomo: kila bwana huyo akiniuliza hali najibu kwa majivuno kwamba namudu, halafu ndipo naomba msaidizi, na yeye anaondoka na lile la kwanza. Safari hii niliandaa hotuba, nikaikariri hadi kikohozi cha kuanzia.

Usiku wa kuamkia mkutano mkwe wa Mama Safari, mama mmoja wa pale kijijini, akajifungua mapacha, wa pili katanguliza matako, na alfajiri nikaletewa mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto. Nikaoga, nikavaa gauni langu jeupe, nikaenda kufundisha.

Vijana walibeba kitanda cha zahanati wakakiweka golini, chandarua tukakining'iniza kwenye mtambaa wa panya. Nikaeleza kwamba kimetiwa dawa, nikaeleza kinavyochomekwa chini ya godoro. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima hadi leo. Lakini mzee mmoja akauliza mtu anapumuaje humo ndani, nami (sipendi kujibu kwa maneno matupu) nikavua viatu, nikaingia, nikachomeka pande zote, nikajivutia blanketi nililoleta kutoka nyumbani, jua la asubuhi ndiyo kwanza linaanza kupasha, nikasema, "Mnaona? Unalala hivi, unafumba macho hivi."

Nikayafumba.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Kwanza walidhani ni sehemu ya somo, wakasubiri kwa adabu. Kisha nikakoroma. Yule mzee akasogea, akakigusa chandarua kwa ncha ya fimbo, akarudi nyuma haraka akiwaambia wenzake kwamba dawa ya humo ni kali. Mtendaji wa kata akaja kuniamsha, Mama Safari akasimama mbele yake, na wakati huo huo mgeni wa wilayani naye anashuka kwenye pikipiki. Akamwamkia mama wa watu shikamoo, akauliza sista anaumwa nini.

"Marahaba. Haumwi, amechoka," Mama Safari akasema. "Usiku amepokea wajukuu wangu wawili, alfajiri amemtibu mtoto wa jirani, na sasa mnataka awafundishe kulala. Mwacheni. Mkutano tutauendesha kwa sauti ndogo."

Wakauendesha kweli. Uwanja mzima ukanong'ona habari za josho na barabara, watoto wakafukuzwa wakacheze mbali, na mimi nipo golini nakoroma.

Niliamka jua li utosini, mate shavuni, shuka la mtu nisiyemjua juu ya blanketi langu, na mgeni wa wilayani amekaa kwenye kiti kando ya nguzo. Nikakurupuka, nikasahau chandarua, nikajizungushia hadi nikafungika kama kuku wa mnadani, na humo humo ndani nikakohoa nianze hotuba.

Akaninyamazisha kwa mkono. "Sista, kila nikija unaniambia unamudu. Leo ndiyo nimekuona."

Nililia. Sikulia kwa aibu, nililia kwa uchovu, mbele ya kata nzima, na mikono imenaswa hata machozi siwezi kufuta.

Muuguzi wa pili alifika kabla ya mavuno. Vyandarua navyo vikaondoka kwenye vifaranga, kwani wazee wasiopata usingizi walikuja mmoja mmoja kuulizia kile chenye dawa kali (niliwasahihisha, lakini baada ya kuwaonyesha kwanza namna ya kukichomeka). Aibu ninayo mpaka leo. Nikikumbuka tu watu wazima walivyonong'ona ili mimi nilale, naona aibu hiyo nitakufa nayo bila kinyongo. Ila niliapa pale pale: mimi nafundisha nimesimama, kitandani namlaza mtendaji.