Gari la Desemba

Ipo siku moja naikumbuka kila nikigeuza ufunguo wa gari, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Nilikuwa nimesimama uani kwa mama yangu, kule Rombo, gari letu kubwa linaunguruma nyuma yangu, na wewe, Haika, nimekubeba mkononi umevaa kofia ya sufu. Ulikuwa na miezi minane. Bibi yako alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Akanyoosha mikono yote miwili, akaielekeza pembeni kidogo, mahali ambapo hatukuwepo, akasema, "Nipe nimshike."

Mwanangu, kaa nikueleze ile mikono ilifikaje pale. Najua wanaotoa nasaha huwa na mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini nikisubiri mpaka nizeeke nitaanza kuisimulia kwa namna ya kujipendelea, nitamtupia lawama baba yako, nitazitupia na barabara. Bora niiandike sasa nikiwa bado na hasira.

Baba yako alihamishiwa Babati wakati mkoa wa Manyara ni mpya kabisa. Ofisi zilikuwa zinanuka rangi, watumishi wanaingia kutoka kila upande, kila wiki kuna mtu anatafuta chumba. Sisi tulipata nyumba Nakwa. Mimi nikafungua duka la kushona karibu na soko. Kutoka getini kwetu mpaka ofisini kwa baba yako, halafu mpaka dukani kwangu, ni karibu sana. Ukianza wimbo wa kwaya nyumbani, unamalizia ubeti wa mwisho sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu: asubuhi kwenda, jioni kurudi, Jumapili kanisani. Lakini mvua ikinyesha, ule udongo wa Nakwa unakushika mguu mpaka unakuachisha kiatu, na mimi nilikuwa na mimba yako. Tukakubaliana tununue gari.

Tulikwenda Arusha kuyatazama. Uwanja mzima wa magari, na sisi macho yetu yalibaki kwenye mawili tu. Moja dogo, jeupe, la milango mitano. Jingine shangingi la kijani kibichi, refu, lina ngazi ya kupandia na tairi la akiba mgongoni.

Baba yako akalizunguka lile dogo, akafungua boneti, akafunga. Akatabasamu.

"Hili, Joyce. Linakula mafuta kidogo, linageuka popote, na vipuri vyake vimejaa Babati."

"Hicho kibakuli cha sabuni?"

"Kibakuli kitakufikisha dukani."

"Na Desemba je?"

Akalitazama lile la kijani. Alijua ninachosema. Kwetu, mwanangu, Desemba kila aliyetoka anarudi. Njia za migombani zinajaa magari. Mengine yanaoshwa Moshi mjini makusudi, yapande mlima yaking'aa. Na watu wanasimama pembeni mwa vihamba vyao, yale mashamba ya ukoo, wanaangalia nani kaja na nini, nani kashuka kwenye basi na begi kichwani. Miaka yote mimi nilikuwa wa begi. Ndugu zangu wengine walikuwa wa magari, na nyama ya sherehe walikula wa kwanza, au ndivyo nilivyojiaminisha.

"Desemba ni safari moja," baba yako akasema. "Hizi nyingine ni za kila siku."

"Basi hizo za kila siku endesha wewe, na mimi niache nikapande basi na tumbo hili!"

Muuzaji akacheka. Baba yako hakucheka. Akasaini karatasi za shangingi. Nakuambia hivi ili ukija kusikia watu wakisema wanaume wanapenda magari makubwa, ujue katika nyumba yako nani alilipenda.

Desemba ile nilipata nilichokitaka. Tulipanda mlima tukipiga honi, watoto wakakimbia pembeni, majirani wakatoka. Shangazi yangu mmoja aliyekuwa hanisalimii aliniita "mama" mara tatu. Bibi yako akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, akalisogelea gari, akalipapasa ubavuni.

"Mama, umelionaje?" nikamuuliza.

"Naliona kama ukungu, mwanangu. Siku hizi naona kama kuna moshi jikoni hata nikiwa nje." Kisha akaweka kiganja tumboni kwangu. "Huyu lini?"

"Aprili."

"Mlete mapema."

Nilisikia kuhusu moshi, nikaitikia kwa kichwa, nikageuka kumfungulia shangazi mlango wa mbele aone viti. Hapo, mwanangu. Hapo kabisa ndipo ningependa mtu anishike sikio.

Tuliporudi Babati gari likaanza kutuonyesha lilivyo. Lilikuwa na kiu ya ajabu. Mafuta ambayo jirani yetu alizungukia mji mwezi mzima na kigari chake, sisi hayakumaliza wiki mbili. Nikampelekea fundi Tluway, mzee wa Kiiraqw mwenye gereji ya mabati upande wa Singe, nikamwomba alirekebishe lisinywe hivyo. Akaliwasha, akalisikiliza, akalizima.

"Mama, hili halina ugonjwa."

"Sasa mbona linakunywa?"

"Mnakaa wapi?"

"Nakwa."

"Mnakwenda nalo wapi?"

"Mjini."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi."

Mzee akakaa juu ya tairi bovu, akacheka mpaka akakohoa. "Linaamka, halijapata moto, mnalizima. Jioni hivyo hivyo. Hapo ndipo linapokunywa zaidi. Wewe mama, nyumbani kwako maji ya kisima anabeba nani, punda au dume la kulimia?"

"Sina punda, mzee."

"Ndiyo maana."

Nikaondoka nimenuna. Nilimwona mshamba.

Ulizaliwa Aprili, mzima, sauti kubwa. Mwezi wa sita mjomba wako Eliya akapiga simu kutoka duka la kijijini. Mama amepelekwa hospitali ya macho, daktari amesema ni presha ya macho, imeshakula sehemu kubwa, na kilichopotea hakirudi. Dawa itachelewesha tu. "Anasema umlete Haika," Eliya akasema. "Anasema bado anaona nyuso, lakini kwa karibu sana."

"Tunakuja mwisho wa mwezi," nikajibu.

Nilitegemea gari. Lakini kufika mwezi wa sita gari lilikuwa halitoki uani. Pesa ya kulijaza mafuta kwenda Rombo na kurudi ilikuwa imeshaishia kwenye ile njia ya Nakwa na sokoni, asubuhi na jioni. Kuku walitaga chini yake. Baba yako alikwenda ofisini kwa baiskeli, suruali ameikunja, anapita mbele ya shangingi lake mwenyewe. Mimi nilitembea na wewe mgongoni, na viatu vya mpira.

Mwisho wa mwezi ukapita. Nikasema mwezi wa saba. Baba yako akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama Haika, panda basi. Ukitoka hapa alfajiri, jioni uko kwa mama."

"Nishuke stendi na mtoto mgongoni?"

"Kuna ubaya gani?"

"Wale walioniona Desemba watasema nini? Watasema gari lilikuwa la kuazima!"

"Waseme. Mama yako anataka kumwona mtoto."

"Atamwona. Na atamwona anakuja kwa heshima."

Nilitumia neno hilo, heshima. Nililitamka na wewe ukiwa unanyonya. Nikatuma picha yako kwa mtu aliyekuwa anakwenda Moshi, nikajiona nimefanya jambo. Eliya akapiga simu: mama ameisogeza picha mpaka imegusa pua, akasema karatasi inang'aa tu. Nikasema mwezi wa tisa. Halafu wa kumi. Kila asubuhi basi la Arusha linapita Babati, nalisikia honi yake nikiwa nafungua duka, na kila asubuhi lilikuwa na viti.

Desemba ikafika. Tulijibana, tukalijaza gari, tukaliosha Moshi mjini. Tukapanda mlima tukipiga honi kama mwaka uliopita, na watoto wakakimbia kama mwaka uliopita. Na bibi yako alikuwa kwenye kigoda, amegeukia honi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nipe nimshike."

Nikasogea mpaka kwenye mikono yake. Akakupakata, akakuvua kofia. Akaanza kwa vidole: paji la uso, nyusi, mashavu. Polepole, kama anachambua mchele. Ulitulia, wewe usiyetulia kwa mtu. Alipofika kwenye pua akasimama.

"Pua hii ya nani?"

"Ya kwako, Mama."

"Na macho?"

"Ya kwako pia."

Majirani walikuwa wanalizunguka gari, mmoja anauliza linakwenda kasi gani.

"Mwezi wa sita ningemwona," bibi yako akasema. "Mwezi wa nane nilikuwa bado naona dirisha. Nilikuwa namwambia Eliya, leo bado naliona dirisha, huenda watakuja."

"Gari lilikuwa na shida, Mama."

"Eliya aliniambia kuna basi."

Nikaokota kofia yako magotini kwake.

"Gari nimelisikia, Joyce. Lina sauti nzuri." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Lakini mimi sikumwambia Eliya akuambie ulete gari. Ningekuja kukupokea stendi mwenyewe. Njia nilikuwa bado naiona."

Kisha akarudi kwenye mashavu yako, na mimi nikaingia jikoni, nikakaa kwenye kinu, nikajiuma mkono ili watu wa nje wasinisikie.

Tulipofika Babati tulitangaza kuliuza. Baba yako hakusema "nilikuambia," hata mara moja, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimkasirikie kwa hilo. Tukanunua kibakuli cha sabuni. Jeupe, milango mitano, lina mkwaruzo ubavuni. Fundi Tluway alipoliona akalipiga kofi kwenye boneti. "Sasa una punda," akasema. Linatupeleka mjini na kuturudisha, na kituo cha mafuta tunapita tukiwapungia mkono. Pesa inayobaki ndiyo inayotupandisha Rombo, Februari, Mei, wakati wowote, wakati ambao hakuna mtu pembeni mwa kihamba anayetazama. Na likiwa gereji napanda basi, nashuka stendi na begi kichwani, nasalimia watu kwa majina.

Mara ya kwanza tulipolipeleka, bibi yako alishikwa mkono na Eliya akaja mpaka kwenye gari. Akainua kiganja akakiweka juu ya paa. Akacheka.

"Hili nalifikia," akasema.

Sasa unajua kuelezea. Unakaa mapajani kwake unamwambia ndizi imeiva upande gani, kuku gani amevunjika kucha, mimi nimevaa nguo gani. Juzi alikuuliza, "Na wewe Haika ukoje?" Ukafikiri, ukamwambia, "Mimi ni mrefu." Akaridhika. Mimi nilitoka nje.

Basi nasaha yangu ni hii, na naisema wazi usije ukaitafuta. Utakapokwenda kununua gari, usiulize litaonekanaje siku watu wamejipanga. Uliza litakupeleka wapi Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano kwenye mvua. Kama safari yako ni fupi, chukua dogo linalokula kidogo, na wanaocheka uwaache wacheke, hawatakuwepo kituo cha mafuta. Na mtu mzima akikuambia "njoo," nenda na chochote kilichopo siku hiyo: basi, baiskeli, miguu. Aibu ya stendi inaisha ukishavuka barabara. Hii yangu ina miaka sasa, na haijaisha.

Mungu akukuze, Haika wangu mwenye pua ya bibi yako. Akupe kazi karibu na nyumbani, akupe na mwenzi anayejua kuchagua gari, na wewe akupe masikio ya kumsikiliza. Na kila anayekusubiri mlangoni, Mungu akufikishe kwake angali akikuona unakuja.